Simu Yenu Inasemaje?

Siku ya kwanza nilipovuka kwenda Kojani nilimuuliza nahodha swali la mtu wa mjini: "Kesho chombo cha kwanza saa ngapi?"

Ilikuwa Januari 2023, kaskazi inavuma, na mie nimekaa katikati ya chombo, begi mapajani, buibui limeloa mpaka magotini. Nahodha alinitazama, akautazama mkondo, kisha akasema, "Inshallah, tutaona." Nikajisemea moyoni, huyu hataki kunijibu.

Ilinichukua mwaka na zaidi kuelewa kwamba alinijibu, tena jibu kamili.

Kwa msomaji asiyekijua, Kojani ni kisiwa kidogo upande wa mashariki wa Pemba, Wilaya ya Wete. Kinatenganishwa na Pemba kwa mkono mwembamba wa bahari. Ukisimama ng'ambo unaziona nyumba zilivyobanana, bati kwa makuti, ukuta wa huyu ndio uchochoro wa yule. Magari hayapo. Wanawake wengi huvuka kwenda kulima Pemba, na jioni hurudi na kuni na mihogo kichwani. Wanaume ni wavuvi, na si wavuvi wa hapo nyumbani tu. Mkojani utamkuta Tanga, Mombasa, Lamu, Mafia. Huenda dago, yaani hupiga kambi katika fukwe za watu, wakavua wiki au miezi, kisha wakarudi na walichoruzukiwa. Kwa hiyo kisiwa kina watu wengi mno kwa udogo wake, lakini muda wote kuna wasiokuwepo.

Mie ni mtoto wa Unguja mjini. Nilipangiwa kituo nikaenda. Mamangu alilia bandarini kana kwamba nakwenda Ulaya.

Katika begi lile nilikuwa na kitabu kimoja tu kisichohusu kazi: *A Year in Provence* cha Mwingereza Peter Mayle, kilichotoka mwaka 1989. Ni habari ya mtu na mkewe waliohamia mashambani kusini mwa Ufaransa, nayo imepangwa mwezi baada ya mwezi. Januari tu, upepo wanaouita mistral unawashukia, baridi inapasua mabomba ya maji, na mafundi wanaahidi kuja wasije. Nilikuwa nimekisoma chuoni nikacheka sana. Nilidhani nami nitaishi kitabu cha namna ile: mgeni anashangaa, wenyeji wanachekesha, upepo unasumbua kidogo, mwisho wa mwaka kila mtu anakaa meza moja.

Ila Mayle alinunua nyumba yake, mie nilipangiwa. Na upepo wa Mayle ulipasua mabomba. Upepo wa Kojani ndio unaoamua kama jirani yako atapika leo.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, nami nikawa namwita Bibi kama wanavyomwita wajukuu zake. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi hakunipa jembe. Siku ya tatu alinitoa nje alfajiri, akanisimamisha penye upenyo kati ya nyumba mbili, akaniuliza, "Huu upepo gani?"

"Wa baridi," nikasema.

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Toka siku hiyo likawa ndilo somo langu la kila asubuhi. Kaskazi nilikuwa naijua kwa jina, na kusi kadhalika; nani Mzanzibari asiyezijua? Lakini nilizijua kama mtoto anavyojua majina ya babu zake waliokufa. Bibi alinifundisha matlai, unaotoka mashariki asubuhi. Na umande, upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu, ambao mvuvi huondoka nao kabla jua halijapanda. Akanifundisha maleleji, kile kipindi cha katikati ambapo kaskazi imekwisha na kusi haijashika, upepo unazunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo. "Maleleji usiyaamini," aliniambia. "Hayana baba."

Nikafikiria neno letu *msimu*. Asili yake ni Kiarabu, mausim, na ndilo lililopita kwa Wareno likawa *monsuni* ya vitabu vya jiografia. Nilikuwa nikilifundisha darasani miaka yote kama istilahi. Kumbe watu wanaishi ndani yake.

Tatizo langu halikuwa upepo peke yake, lilikuwa saa. Skuli ina ratiba: kipindi cha kwanza, cha pili, mapumziko. Bahari nayo ina ratiba yake, na hazikuulizana. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji huwa bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Kwetu huku, siku za bamvua maji hupwa yakatoka mbali kuanzia mnamo saa nne asubuhi, yaani kipindi cha hesabu. Miamba inabaki wazi, pweza wamo mashimoni, na nusu ya darasa langu wamo huko na vijiti vyao. Miezi ya mwanzo nilikuwa naandika "hayupo, hayupo, hayupo" kwa kalamu nyekundu, nimekasirika. Baadaye nilianza kutazama mwezi kabla ya kupanga mtihani. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilichoka tu kugombana na mwezi.

Halafu ikaja kusi, na kipupwe chake. Nikwambie ukweli msomaji: Juni na Julai za mwaka ule nilikuwa mtu wa kuhurumiwa. Usiku upepo unalia kwenye bati, mchana bahari ya nje imechafuka, samaki hakuna au wapo kwa bei ya kiburi. Tunakula muhogo na chumvi, na Bibi anasema alhamdulillahi kwa sauti ile ile anayoisema tukila nguru. Nguo hazikauki. Mitandao inakuja na kuondoka. Mara mbili nilitaka kwenda kumwona mamangu Unguja, na mara mbili nikaambiwa bahari mbaya, nisubiri. Mwezi wa Julai nikaandika barua ya kuomba uhamisho. Sababu niliandika ni afya. Nikaiweka ndani ya kitabu cha Mayle, kwenye kurasa za Januari, nikisubiri siku nitakayovuka nikaipeleke.

Kuna mzee mmoja pale pwani ambaye kila mtu humwendea kabla ya safari. Alikuwa nahodha, sasa macho yamepungua, anashona nyavu kwa kupapasa. Nilikwenda kumuuliza, kwa unyonge, hii hali itaisha lini. Alinihesabia miongo. Msomaji wa bara labda hajapata kuisikia hesabu hii. Mwaka huanza Nairuzi, siku ile ile ambayo Makunduchi, Unguja, wanasherehekea Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai. Toka hapo siku huhesabiwa kumi kumi, kila kumi ni mwongo mmoja, mpaka zitimie siku 365. Mwezi wa angani ni wa ibada na wa maji kujaa na kupwa, lakini pepo na mvua zinafuata jua, ndiyo maana wavuvi na wakulima wa pwani wakawa na kalenda ya pili. Mzee alijua mwongo gani kusi hulegea, upi vuli huanza, upi baharini hakwendeki.

"Kwa hiyo unajua kila kitu, mzee wangu," nilimwambia.

"Nilikuwa najua," akajibu. "Siku hizi miongo inasema hivi, mbingu zinafanya vile."

Vuli ya mwaka ule ikamthibitishia. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilikuwa imeshatangaza mapema kwamba kutakuwa na mvua za El Niño. Zikaja kweli. Tulisikia redioni habari za Katesh, Hanang, Desemba 3, 2023, tope la mlima lilivyoshuka juu ya watu asubuhi. Kwetu paa la chumba changu lilivuja mahali patatu. Mvua ilipita siku zake, ikaungana na masika, na mzee akawa anashona nyavu bila kusema neno.

Sasa nifike kwenye siku ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Mwanzoni mwa Mei 2024 simu yangu ilianza kuleta tahadhari. Kimbunga kimejijenga katika Bahari ya Hindi, mashariki mwa pwani ya Tanzania, kinasogea. Kinaitwa Hidaya. Bibi alicheka: "Hidaya? Zawadi? Nani kaituma?" Nilikuwa najua jambo moja kutoka vitabuni: vimbunga haviji kwetu kirahisi. Vinahitaji mzunguko wa dunia kuvisokota, na karibu na ikweta msokoto huo ni dhaifu. Pemba iko kwenye nyuzi 5 tu kusini ya ikweta. Kwa hiyo hata mie mwalimu niliwaza, kitapotelea huko huko.

Lakini Ijumaa, Mei 3, niliisoma ramani vizuri. Mshale ulikuwa unaelekea Mafia. Na mtoto wa mwisho wa Bibi alikuwa dago Mafia, na wenzake, na baba wa mwanafunzi wangu mmoja wa miaka 15 alikuwa huko pia, na chombo chake mwenyewe.

Tukapiga simu. Mtoto wa Bibi alipokea. Ana simu ya kitochi, haina ramani wala mshale. "Mama, bahari shwari," alisema, "maji yametulia kama ya mtungini. Kesho alfajiri tunatoka inshallah." Nikachukua simu nikamweleza habari za TMA, kasi ya upepo, mawimbi. Akanisikiliza kwa adabu. "Ahsante Mwalimu," akasema. Nikajua kabisa kesho alfajiri watatoka.

Nilikimbia kwa mzee. Watu walikuwa wametoka Magharibi, wamekaa nje ya msikiti. Nikasimama kando, nikamweleza yote. Aliniuliza swali moja: "Hao wanaosema, wameona au wamekisia?"

"Wameona, mzee. Wanakitazama kutoka juu, kwa satelaiti. Kuna kituo cha Wafaransa kisiwa cha Réunion, kazi yao ni kufuatilia vimbunga vya upande wetu huu wa bahari. Wao wanaona, TMA wanaona."

Alinyamaza. Mzee mwenzake akasema hajapata kusikia kimbunga mwezi huu, na sasa ni maleleji, upepo haujui hata unakwenda wapi. Mwingine akasema Lindi kiliwahi kupiga, zamani, wakati wa Mwingereza. Kweli, ilikuwa Aprili 1952. Ndipo yule mzee akasema, taratibu, kana kwamba anatoa kitu sandukuni, kwamba babu yake akihadithia habari za upepo mkubwa wa Unguja, wakati wa Masultani, uliong'oa mikarafuu kama mtu anavyong'oa mchicha. Nilikuwa naufundisha upepo ule darasani: Aprili 1872. Mashamba mengi ya karafuu ya Unguja yaliteketea, Pemba ikasalimika, na ndiyo sababu mojawapo Pemba ikawa kisiwa cha karafuu. "Siye tulisalimika," mzee alisema. "Ndiyo maana tumesahau. Aliyesalimika husahau upesi."

Akanyoosha mkono. "Nipigie."

Nilimwekea simu sikioni. Hakutaja TMA. Hakutaja satelaiti wala Hidaya. Alisema, "Mwanangu, mie ndiye. Pandisheni vyombo juu, juu kabisa penye minazi. Kesho hakuna kutoka. Usiniulize kwa nini." Nikasikia upande wa pili kijana aliyenijibu mie kwa adabu akimjibu yule mzee kwa neno moja: "Haya."

Usiku ule simu yangu ilipita mikono mingi. Kila mwenye mtu wake dago alikuja na namba kwenye kikaratasi, mie nabonyeza, mzee anasema maneno yale yale. Kuna waliopokea na kuna ambao simu iliita ikakatika. Baba wa mwanafunzi wangu hakupatikana. Mkewe alikuja kulala kwetu, ingawa hakuna aliyelala. Jumamosi kimbunga kilifika Mafia. Kwetu Kojani mbingu zilikuwa nzito, mawimbi yanapiga, sisi tumekaa chumbani kwa Bibi tunaitazama simu ile mezani kama mgonjwa.

Jumatatu ndiyo tuliyopata habari kamili. Watu wote salama. Ujumbe ulikuwa umemfikia baba wa yule mwanafunzi kwa kupitia kambi ya jirani, wakakipandisha chombo, lakini si juu vya kutosha. Maji yalikifuata. Kikavunjika ubavu, na mashine ikazama.

Nimeandika "watu wote salama" na ndivyo ilivyo. Lakini wiki mbili baadaye dawati moja darasani mwangu likawa tupu. Mwanafunzi wangu wa miaka 15, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, alikuwa anaondoka kwenda dago na ami yake, kusaidia kulipa deni la mashine. Nilikwenda kwao. Nilisema yote ambayo mwalimu husema: mtihani, mustakabali, mtoto ana akili. Baba yake alikuwa amerudi, amekaa barazani, mikono mapajani, mikono ambayo haina kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," akasema, "wewe ndiye uliyetupa habari, na sitakusahau mpaka kufa kwangu. Lakini chombo nalishaje?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo. Nilimpa kijana madaftari mawili na kalamu, nikajiona mjinga pale pale nilipompa.

Nimewaza sana juu ya usiku ule nje ya msikiti. Zamani nilikuwa na mawazo mawili, nayahama kulingana na siku. Siku moja naona wazee wamepitwa, simu inatosha. Siku nyingine naona elimu ya mwambao ndiyo elimu, na sisi wa vitabuni tumepotea. Usiku ule hakuna hata moja lililotosha. Simu ilijua kimbunga kilipo, lakini kijana wa Bibi hakuwa tayari kuacha riziki ya siku kwa ajili ya sauti ya mwalimu mgeni. Mzee hakujua kimbunga kilipo, ila alikuwa na kitu ambacho TMA hawawezi kukirusha hewani: miaka hamsini ya kuwaambia watu "msitoke" na kuwa sahihi. Aliichukua habari yangu akaiazima heshima yake. Kama angekosea, ni yeye angeaibika, si mie. Hilo nililielewa baadaye, nikatetemeka.

Na nililielewa lile jibu la nahodha wa siku ya kwanza. "Inshallah, tutaona" ya Kojani si ya kukwepa. Ni ahadi ya mtu anayejua mipaka ya ahadi. Angenitajia saa, angekuwa ananidanganya ili nilale vizuri. Watu wa mjini tumezoea kudanganywa hivyo, na tunauita utaratibu.

Sasa ni kusi tena. Chombo cha asubuhi kimechelewa, muhogo uko jikoni, nguo zangu hazijakauka tangu juzi. Bibi bado ananiuliza kila alfajiri huu upepo gani, na mara nyingi napata. Barua ya uhamisho imo bado kwenye kurasa za Januari za kitabu cha Mayle. Sijaichana, nisikudanganye msomaji. Ziko siku naitoa nikaisoma. Lakini kila nikifikiria kuipeleka, nakumbuka kwamba jioni simu italia.

Maana kijana yule hupiga. Si kila siku, siku wanazokuwa karibu na mtandao. Hana maneno mengi, nyuma yake nasikia makasia na watu wanacheka. Ananiuliza kwanza kama sijambo, kama Bibi hajambo. Kisha anauliza alichopigia: "Mwalimu, simu yenu inasemaje?"

Nami namsomea tahadhari kama iko, neno kwa neno, na mawimbi mita ngapi. Kisha namuuliza, "Na wazee wa dago wanasemaje?" Ananijibu. Yakikubaliana, namwambia nendeni salama. Yasipokubaliana, nachukua kanga yangu, natoka na simu mkononi, nashuka pwani kwa mzee.